Mashine ya kubana chenga za chuma, tani 160: miezi 14 ya kazi Vingunguti, Dar es Salaam

Dereva wa Canter alisimama nyuma ya gari lake akaniuliza, "Dada, mzigo mwingine uko wapi?" Nikamwambia ndiyo huo, umeisha. Akachungulia tena ndani ya bodi. Briketi, yaani vibonge vya duara vya chenga za chuma zilizobanwa, zilikuwa zimefunika sakafu safu mbili, na ya tatu imefika nusu, hazifiki hata goti. Kisha akainama akatazama springi, akakuta zimelala. Tani 3 na kilo 200. Gari hilohilo mwaka mmoja nyuma lilikuwa linatoka getini kwangu na maranda yamepanda juu kuliko kichwa cha gari, turubai linavutwa kamba na watu wawili, halafu mizani inasoma tani moja na kidogo. Lilikuwa linajaa lakini halishibi, na nauli nilikuwa nalipa ileile.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye karakana za kukereza, na wanaokusanya skrepa, ambao wananiuliza kila wiki kama mashine hii inafaa. Inafaa. Ila kuna mambo ambayo mimi sikuambiwa siku ya kununua, na yamenigharimu.

Kwanza tuelewane maneno. Pale kwetu yale mabaki marefu yanayojisokota wakati wa kukereza chuma laini tunayaita maranda, kama ya seremala. Yale mafupi, ya punjepunje, yanayotoka kwenye dramu na diski za breki, tunayaita chenga. Tofauti hiyo ishike, kwa sababu nusu ya habari yangu iko hapo.

Karakana ilianzishwa na marehemu baba, mimi nimeishika tangu 2016. Tuna mashine tano za kukereza na moja ya dramu na diski. Peke yetu hatufiki tani 9 kwa mwezi, ila tunachukua pia mabaki ya majirani 11, wengi wao mafundi wa madirisha ya aluminiamu, ambao misumeno yao inatema unga na vipande mchana kutwa.

Kilichonisukuma kununua kilikuwa moto. Masika ya 2022 rundo la maranda lililokuwa kona ya nyuma lilinyeshewa siku tatu. Usiku wa nne mlinzi wa jirani aliona moshi akanipigia simu. Nilipofika hapakuwa na mwali, ila ukisogeza mkono ulikuwa unasikia joto kama la jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Tulilichambua rundo kwa reki mpaka alfajiri, tukitandaza na kumwaga mchanga mkavu. Chuma chembamba chenye mafuta kikilowa kinashika kutu upesi, na kushika kutu kunatoa joto. Kwenye rundo kubwa joto lile halina pa kutokea. Si jambo la kwetu tu. Kwenye usafirishaji wa baharini mzigo wa maranda na chenga za chuma umewekwa kwenye orodha ya mizigo hatari, namba UN 2793, daraja la 4.2, yaani vitu vinavyoweza kujipasha moto vyenyewe. Nilipolijua hilo nikaona sina haki ya kulaza rundo la namna ile mita sita kutoka chumba cha mlinzi.

Mashine niliyonunua ni ya Kichina, ya kusimama, nguvu ya kubana tani 160, mota ya kilowati 15 ya umeme wa njia tatu, na briketi yake ina kipenyo cha milimita 90. Mpaka imekaa kwenye zege, kodi na usafiri ndani yake, ilikula shilingi milioni 52. Jina la kiwanda na la wakala siliandiki. Mashine za aina hii zinafanana sana, na ninayoyasema yatakufaa hata ukinunua ya rangi nyingine.

Fundi wangu mkuu alipoiona ikifanya kazi mara ya kwanza alisema, "Hiki ni kinu na mchi tu." Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoviita. Unamwaga chenga kwenye bakuli la juu, parafujo, yaani skrubu ndefu inayozunguka, inazisukuma hadi ndani ya kinu, mchi unashuka kwa nguvu zote za haidroliki, unatulia kama sekunde mbili, kisha mlango wa chini unafunguka na briketi inasukumwa nje. Hakuna gundi wala moto. Chenga zinashikana zenyewe kwa kubanwa.

Briketi ya kwanza ya chuma cha kusubu, yaani kile cha kumiminwa kama cha dramu za breki, nilishika kwa mikono miwili. Ilikuwa vuguvugu, nzito kuliko nilivyotarajia, kama kilo mbili. Ubavuni inang'aa kama imesuguliwa, kwa sababu imepita kwenye ukuta wa kinu. Usoni unaziona chenga zenyewe zimelaliana kama magamba ya samaki. Nikaidondosha sakafuni kutoka usawa wa kifua. Ikameguka pembeni kidogo, mwili ukabaki. Hicho ndicho kipimo chetu mpaka leo: kila salfeti mpya ya chenga, briketi ya tatu inadondoshwa. Ikipasuka vipande, tunasimamisha kazi na kutafuta sababu.

Sasa maranda. Wakala aliniambia, maneno yake, "hii inakula kila kitu." Siku ya pili tuliilisha maranda ya chuma laini kama yalivyotoka kwenye mashine, marefu, yamejisokota. Ndani ya dakika tano parafujo ilikuwa imejiviringishia maranda kama nywele kwenye kitana. Mota ikaunguruma, kikata umeme kikaruka. Tulitumia saa mbili na nusu kuyatoa kwa koleo na grenda, na fundi akakatwa kidole kupitia glovu ya ngozi, nyuzi tano hospitalini. Na yale machache yaliyofika kwenye kinu hayakujaza. Kinachotoka hapo ni kitu chembamba kama chapati, ukikishika kinaachana.

Ikachukua miezi miwili kulitatua hilo, na suluhisho lilikuwa sehemu mbili. Ya kwanza haikugharimu karibu kitu: tulibadilisha namna ya kukereza. Kwenye kukereza kwa awali, pale ambapo uso hauhitaji kuwa laini bado, tukaongeza mwendo wa kisu kutoka milimita 0.1 hadi 0.25 kwa mzunguko, na tukanunua visu vyenye mfereji wa kuvunja randa. Maranda yakaanza kukatika yenyewe, vipande vya umbo la herufi C, urefu wa pingili ya kidole. Kwa kweli nilisikitika kwamba tungeweza kufanya hivyo miaka yote, maana hata usalama wa mkerezaji unaongezeka, hana tena nyoka wa moto anayemzungukia mkononi. Ya pili ni mashine ya kukatakata, shafti mbili zenye meno, mota ya kilowati 7.5, tuliyotengenezewa na mafundi wa eneo la Gerezani kwa milioni 9. Kila kitu kinachotoka kwa majirani kinapita hapo kwanza.

Kwa hiyo bei halisi kwangu ilikuwa milioni 61. Kama mabaki yako mengi ni maranda marefu na huna cha kuyakatia, hesabu yako ianze na mashine ya kukatakata ndipo ufike kwenye ya kubana. Wakala yeyote asiyekuuliza mabaki yako yana urefu gani, ondoka ofisini kwake.

Mafuta ya haidroliki yalikuwa tatizo la mwezi wa kwanza. Mashine imekuja na mafuta ya daraja la 46 (namba ya unene wa mafuta, ikipanda ni mazito zaidi), na kifaa cha kupoza ambacho labda kinatosha kwenye nchi ya baridi. Januari ya Dar es Salaam, saa nane mchana chini ya bati, mafuta yalipita nyuzi 65, na nguvu ya kubana ikaanza kushuka. Briketi zikawa laini. Fundi wa haidroliki alituwekea daraja la 68 na kuongeza rejeta ya pili yenye feni. Sasa haivuki 55. Kazi nzito tunaifanya asubuhi.

Kuhusu kasi: kijitabu kinasema kilo 350 kwa saa. Mimi kwa chenga za chuma cha kusubu ninapata 210 hadi 230, kwa aluminiamu kama 100, maana briketi yake ina ujazo uleule lakini haifiki kilo moja. Umeme nimeupima kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla, tani moja ya chuma inakula uniti 40 na ushee. Mzigo wetu wote wa mwezi unaisha kwa siku nane hivi za kazi.

Kuchambua ndiko kunakula watu. Mashine inabana chochote utakachoipa na haikuulizi. Ukichanganya chuma cha kusubu na chuma laini, unatengeneza kitu ambacho hakuna mwenye tanuru anayekitaka. Cha kusubu kina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia 2, na anayeyeyusha nondo hataki kaboni hiyo iingie bila yeye kujua. Anayesubu vinu vya mashine na mifuniko ya mashimo naye hataki chuma laini kimharibie hesabu. Kwenye aluminiamu ni mbaya zaidi, skrubu chache za chuma zikiingia kwenye salfeti zinaharibu chungu kizima. Tuna mapipa ya vifuniko vya rangi, bluu, nyekundu, njano, na vijana wawili wenye sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika kuukuu. Aluminiamu inapitishwa chini ya sumaku mara mbili, bila kujali imetoka kwa nani. Brasi tunaiweka peke yake chini ya kufuli.

Na magneziamu hatuigusi kabisa. Kuna maboksi ya gia na rimu zilizotengenezwa kwa magneziamu, mkerezaji akizikata chenga zake zinashika moto kwa cheche ndogo, na maji yanazidisha. Zile hazifiki kwenye mashine yangu.

Nilidhani nikifika tanurini na briketi nitashangiliwa. Mzigo wa kwanza niliupeleka mwenyewe. Mapokezi yupo mzee mmoja ambaye amepokea skrepa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini hivi?"

Nikamweleza. Akachukua moja, akaigonga kwa ufunguo, akasikiliza. Akaiweka chini, akamwita kijana aje na nyundo ya kilo saba. Walivunja briketi tano kutoka pembe tofauti za gari. Mzee akachota zile chenga kwa vidole, akazisugua, akazinusa. "Chenga za wazi naziona," akaniambia. "Hizi umezifunga. Kuna waliotuletea mafurushi yamebanwa, katikati mchanga. Mchanga ukiingia tanurini unakuwa takataka juu ya chuma, na umeme nimeulipa mimi." Siku hiyo alinilipa bei ileile ya chenga za wazi, hakuongeza hata senti.

Niliumia, nakiri. Lakini alikuwa na haki. Mzigo wa pili nilimwambia kabla hajauliza: mzee, chagua mwenyewe za kuvunja. Akavunja nne. Mzigo wa tatu alivunja mbili, akanipandishia shilingi 110 kwa kilo. Sasa ananipigia yeye. Sababu ni kwamba chenga za wazi zenye kutu na mafuta nyingi zinaishia kuwa moshi na takataka, na kulijaza tanuru kwa ndoo baada ya ndoo ya kitu chepesi kunachukua muda ambao umeme unawaka. Briketi inazama inayeyuka. Ushauri wangu kwa anayeanza: usiende kudai bei ya juu siku ya kwanza. Nenda na nyundo yako.

Aluminiamu ndiyo iliyonipa raha zaidi. Kuna fundi wa kusubu sufuria ambaye nilimwomba tujaribu. Tulipima kilo 50 za chenga za wazi na kilo 50 za briketi kutoka salfeti zilezile, chungu kilekile, siku moja. Chenga za wazi zilielea juu ya aluminiamu iliyoyeyuka, zikawaka na kutoa moshi mweupe, yeye akazisukuma kwa fimbo zikarudi juu. Tukamimina kilo 39. Briketi zikazama karibu zote, pembeni zikaanza kulegea taratibu, moshi mdogo. Tukamimina kilo 45. Chenga nyembamba ina ngozi kubwa kuliko nyama, na ngozi ya aluminiamu ndiyo inayoungua. Fundi alikaa kimya, akaandika kwa chaki ukutani 39 na 45, na maandishi yale yapo mpaka leo.

Hapa naomba usome polepole. Briketi yenye unyevu usiitupe kwenye chungu chenye chuma kilichoyeyuka. Maji yakinaswa chini ya aluminiamu ya moto yanageuka mvuke kwa mkupuo na chungu kinalipuka usoni mwa mtu. Briketi inaonekana kavu kwa nje na bado ina asilimia kadhaa ya maji ndani. Sisi tunazianika juani kwenye wavu siku mbili, na fundi wa sufuria anazipanga mdomoni mwa tanuru zipate moto mpaka zisitoe hata harufu, ndipo zinaingia. Kila anayenunua kwangu namwambia hivi kwa mdomo, na nimeibandika karatasi kwenye mlango.

Faida moja ambayo sikuitegemea ni kulanti. Chenga za aluminiamu zinakuja zimelowa yale maji meupe ya kukatia, na zikibanwa yanatiririka kwenye sinia chini ya kinu. Kwenye nusu tani tunakinga kama lita 40. Tunayachuja kwa kitambaa cha kanga mara mbili, tunaangalia harufu, yaliyo mazuri yanarudi kwenye mashine za kukereza. Kabla yake yalikuwa yanachuruzika kwenye sakafu hadi mtaroni, jambo ambalo lilinisumbua roho kila nilipoona watoto wakipita pale na viatu vya wazi.

Na wizi umekwisha. Salfeti ya maranda ikipungua kilo kumi hakuna anayejua. Briketi zinapangwa kwenye paleti kumi kwa kumi, mlinzi anahesabu akiingia zamu na akitoka.

Malalamiko yangu ni juu ya wakala. Kijitabu kilikuwa cha Kichina kitupu, vitufe vya paneli pia. Mwezi wa saba sili ya silinda kubwa ilianza kuvuja, nikaandika ujumbe, nikapiga simu, nikaenda ofisini. Wiki tano. Jibu lilikuwa "zipo njiani." Mwishowe fundi wa haidroliki wa Gerezani aliifungua silinda, akapima kwa vernia, akapata sili ya vipimo hivyo kwenye duka la vipuri vya mitambo ya kuchimbia barabara, na kazi ikaisha siku moja. Basi ukinunua, kabla hujalipa salio dai vitu vitatu: seti mbili za sili, mchoro wa haidroliki, na vipimo vya kinu kwa milimita. Nami ningevidai ningejua.

Hesabu ya pesa: safari za Canter zimetoka nane kwa mwezi hadi tatu. Nyongeza ya bei kwenye chuma na kwenye aluminiamu, ukijumlisha na majirani wanaonilipa niwabanie, ukitoa umeme na vijana, inanirudishia milioni 1.8 hivi kwa mwezi. Kwa mwendo huo milioni 61 zinarudi karibu miaka mitatu. Mwenye chini ya tani tatu kwa mwezi asinunue. Apeleke kwa mwenye mashine, au watu watano waungane. Na kama unakusanya mabaki ya wengine, kibali cha mazingira kiwe mkononi kabla mashine haijafika.

Mashine naipa nyota nne kati ya tano. Wakala nyota moja, kwa sababu angalau mashine ilifika nzima.

Kinu kimeshaanza kuchoka. Kwa kipimo cha wiki iliyopita kimepanuka milimita 0.6 upande wa chini, na briketi zinatoka na ukingo mwembamba unaokata vidole. Tumeshakereza kingine wenyewe, kutoka kwa mchoro tulioupima kwa mkono, na kiko kwa mtu anayekipika ili kipate ugumu. Tunakifunga Jumamosi.